Mbizi ya Kwanza Kwenye Ndege Iliyozama: Mwongozo kwa Anayekwenda Aqaba

Ukishamaliza kozi ya kwanza ya kupiga mbizi Nungwi, Diani au Watamu na ukazoea kasa na matumbawe, hamu ya kuona ndege chini ya bahari huja yenyewe. Na maswali huwa yaleyale: cheti changu kinatosha? Naruhusiwa kuingia ndani? Hewa itanifikisha? Nikinaswa je? Nayajibu hapa kwa mpangilio utakaoufuata siku yenyewe.

Mfano wangu ni Aqaba, mji wa bandari wa Yordani ulio kichwani mwa Bahari ya Shamu. Sababu ni kwamba pale kuna ndege mbili zilizozamishwa makusudi ili ziwe makao ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi, na vina vyake vinamfaa anayeanza. Ya kwanza ni C-130 Hercules, ndege ya mizigo ya jeshi, iliyozamishwa Novemba 2017 kwenye kina cha mita 17 hivi. Dhoruba ya mwaka 2020 ikaivunja. Ya pili ni Lockheed L-1011 TriStar, ndege kubwa ya abiria iliyotelekezwa kwa miaka kadhaa kwenye uwanja wa ndege wa mji huohuo kabla ya kuzamishwa Agosti 2019. Hii imelala mchangani kati ya mita 15 na 28. Maji ya Aqaba ni maangavu mno, mara nyingi unaona mita 20 na zaidi, kwa hiyo TriStar unaanza kuiona nzima, kutoka bawa hadi bawa, kabla hujaifikia.

Shauri langu kuu nalitanguliza: uzuri wa ndege uko nje. Kuingia ndani ni kazi nyingine yenye mafunzo yake, na wengi wanaopata matatizo ni wale walioona mlango uko wazi wakadhani wamekaribishwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Cheti. Cha ngazi ya kwanza kinakuruhusu kufika mita 18. Hicho kinatosha kwa C-130 na kwa sehemu ya juu ya TriStar. Ukitaka kuizunguka TriStar yote unahitaji cheti cha ngazi ya pili, kinachofika mita 30. Usikubali kiongozi akuambie "twende tu, mita kumi si kitu". Zile mita kumi hupunguza sana hewa yako na muda wako, na hesabu utaiona hapo chini.

Mazoezi ya nyumbani. Kama muda unaruhusu, anza na mabaki ya meli kwenye pwani yetu. Unguja kuna Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu iliyozama 1902, na iko mita 12 tu. Mombasa kuna MV Dania na Diani kuna Alpha Funguo, zote mbili zilizamishwa 2002, lakini zimefika karibu mita 30, basi zisubirie cheti cha pili. Kwenye meli hizo utajifunza kuelea karibu na chuma bila kukigusa, na ujuzi huo ndio utakaokubeba kwenye ndege.

Afya. Jaza fomu ya afya kwa ukweli. Pumu, moyo, upasuaji wa karibuni, masikio yanayosumbua: muone daktari kabla hujakata tiketi, maana kituo chochote makini kitakudai barua yake. Mafua pia hayafai kwa mbizi, hata kama umelipia tayari.

Bima. Chukua ile inayotaja wazi matibabu ya ajali za mbizi, pamoja na chemba ya shinikizo, yaani chumba cha kutibia anayeugua kwa sababu ya mbizi. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huziacha nje.

Vifaa. Mtungi, jaketi la kuelea, regulata (kifaa cha kinywani cha kuvutia hewa) na risasi, yaani vipande vya uzito vya kukuzamisha, utakodi kwenye kituo. Vya kwako mwenyewe viwe hivi:

- Miwani ya kuzamia inayokukaa usoni bila kuvuja.
- Kompyuta ya kuzamia, ile inayofuatilia kina na muda wako, unayoijua kuisoma. Kompyuta ya mwenzako haikuhusu, kwa sababu inahesabu kina na muda wake, si wako.
- Tochi, hata mchana. Kadiri unavyoshuka rangi nyekundu hupotea kwanza, na bila mwanga wako utaona ndege ya kijivu tu.
- Glavu nyembamba, kama sheria za hifadhi na kituo chako zinaziruhusu. Uliza kwanza.
- Kisu kidogo au kikata kamba, kifungwe kifuani au mkononi pale ambapo mikono yote miwili inafika.
- Boya la kujulisha boti uko wapi, na kamba yake.

Suti. Tuliozoea Bahari ya Hindi huidharau hali ya hewa ya huko. Wakati wa baridi maji ya Aqaba hushuka hadi nyuzi 21 hivi, na kiangazi hufika 26 au 27. Suti ya milimita 3 inayokutosha Kizimkazi itakutetemesha mwezi wa Februari. Chukua milimita 5, na wakati wa baridi ongeza kofia.

Hesabu ya hewa, kwa kifupi

Nadharia nitakayokupa ni hii tu. Mtu mtulivu anatumia lita 20 hivi za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Juu ya maji shinikizo ni baa moja (baa ni kipimo cha shinikizo), kila mita 10 za kina zinaongeza baa moja nyingine, na matumizi yanapanda kwa kiasi hicho. Ukiwa mita 15, lita 20 zinakuwa 50. Ukiwa mita 25, zinakuwa 70.

Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400. Weka akiba baa 50, yaani lita 600, unabaki na 1,800. Kwenye mita 15 hizo ni dakika 36. Kwenye mita 25 ni dakika 25 tu, na hapo hujaogopa wala hujapiga mapezi kwa nguvu. Anayeanza hutumia zaidi ya lita 20, basi pima matumizi yako halisi kwenye mbizi ya kina kifupi kabla ya kupanga ya kina kirefu.

Hatua kwa hatua

1. Siku ya kwanza, pima uzito. Bahari ya Shamu ina chumvi nyingi kuliko ya kwetu, na suti nene nayo inaelea. Vyote viwili vinakusukuma juu. Ongeza risasi kidogo, kilo moja hadi mbili kwa kawaida, kisha jaribu: ukiwa na mtungi uliobaki baa 50, jaketi tupu, mita 5 chini ya maji, uweze kutulia bila kupanda. Kumbuka kwamba hewa ina uzito. Lita 1,800 utakazovuta zina kilo mbili na ushei, na mwisho wa mbizi utakuwa mwepesi kwa kiasi hicho. Kosa la wengi ni kupima na mtungi uliojaa, halafu wanashangaa kwa nini wanapaa wakati wa kusimama mita 5 kabla ya kutoka.

2. Anza na C-130. Kina chake kinakupa muda. Jedwali la kawaida la mbizi ya hewa linaruhusu dakika 56 kwenye mita 18, lakini 20 tu kwenye mita 30. Kwa kuwa imevunjika, utaona pia jinsi bati la ndege linavyochanika: kingo zake ni nyembamba na kali kama wembe. Siku ya pili nenda TriStar ukiwa umeshaelewa.

3. Chora ndege kabla ya kuingia majini. Muombe kiongozi akuonyeshe kwenye ubao pua inaelekea wapi, mkia uko wapi, upande upi una kina kirefu, milango ipi iko wazi, boti inafunga wapi. Rudia kwa kinywa chako mpaka akubali. Ndege iliyolala mchangani inapotosha kwa sababu pande zake mbili zinafanana, na ukipoteza mwelekeo utaogelea kwenda mkiani ukidhani unarudi kwenye kamba.

4. Kubalianeni namba. Kina cha mwisho, muda wa mwisho, na shinikizo la kugeuka, yaani hewa iliyobaki mtungini mnapoanza kurudi. Kwa mita 18, geuka ukifika baa 100. Kwa mita 28 anza kupanda ukifika baa 100 bila mjadala. Sababu ni hii: hewa ya mwenzako ikikatika na mkalazimika kuvuta mtungi mmoja mkiwa na hofu, kupanda taratibu hadi juu pamoja na kusimama mita 5 kunakula karibu lita 930. Hizo ni baa 78 za mtungi wa lita 12. Anayesubiri baa 50 akiwa chini kabisa anahesabu hewa yake peke yake na amemsahau mwenzake.

5. Kaguaneni. Jaketi, risasi, mikanda, hewa, kisha vyote tena. Vuta pumzi kwenye regulata zote mbili huku ukitazama geji, kipimo cha hewa ya mtungi. Sindano ikicheza, mtungi haujafunguliwa vizuri. Regulata ya akiba na geji zibanwe kifuani. Kitu chochote kinachoning'inia kitashika waya.

6. Shukeni pamoja, zibueni masikio mapema. Anza kuzibua kabla hujasikia maumivu, kila nusu mita mwanzoni. Tulieni mita chache juu ya ndege, mpeane ishara ya sawa, ndipo mteremke.

7. Anzeni na sehemu yenye kina kirefu, malizieni na fupi. Mkianzia chini, muda uliobaki mnautumia kupanda polepole kando ya ndege. Kaa umbali wa mita moja au zaidi, miguu juu kidogo kuliko kifua, na piga mapezi kwa mtindo wa chura ili usivuruge mchanga. Tazama chini ya mabawa kabla hujapita. Mkunga hupenda mashimo, samaki simba hujificha kwenye kivuli, na wale samaki wenye miiba ya sumu wanaojifanya jiwe hutulia juu ya bati. Ndiyo maana usiweke mkono popote, hata ukiwa na glavu. Kwenye milango na madirisha simama, washa tochi, angaza ndani. Utaona viti vilivyoachwa, paneli, nyaya, na samaki wadogo wakiwa wamejaa. Kwa mbizi ya kwanza hapo umeona vya kutosha.

8. Mlangoni, simama. Hapa nitakawia kidogo, maana hatari kubwa iko hapa. TriStar ni ndege pana, ya njia mbili kati ya viti, na ukiangaza unaona mlango wa pili ng'ambo. Inavutia mno. Lakini mara kichwa chako kinapopita kizingiti, juu yako kuna dari. Huwezi tena kupanda moja kwa moja. Ndani kuna waya zinazoning'inia kutoka kwenye paneli, nazo hunasa kichwa cha mtungi pale usipofika kwa mkono. Mapovu yako yanagonga dari na kuangusha uchafu. Tope laini likitibuka, tochi inakuwa kama taa ya gari kwenye ukungu wa Limuru, na mlango uliouona sekunde chache zilizopita haupo.

   Anayeingia awe na kozi ya mabaki, kamba ya kufuata, tochi mbili, na hewa iliyogawanywa mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya dharura. Hata kwa mwenye kozi hiyo, mipaka inayofundishwa ni kubaki pale ambapo mwanga wa nje unaonekana, na kina pamoja na umbali wa ndani visizidi mita 40. Kwenye mita 28 unabakiwa na mita 12 tu za kwenda mbele. "Kupita mlango huu na kutokea ule" nako ni kuingia, hakuna tofauti. Na ukiona mfuko wa hewa umenaswa darini, usitoe regulata kuuvuta. Hewa hiyo ni pumzi zilizotolewa na wapiga mbizi waliopita, na kutu hula oksijeni inayobaki.

9. Geukeni kwa namba mliyokubaliana. Wa kwanza kufikia namba anageuza wote, na hakuna kubembelezana. Pandeni taratibu, mita 9 kwa dakika au pungufu. Simameni mita 5 kwa dakika 3. Kama mko mbali na kamba ya boti, tuma boya juu ukiwa bado chini, kwa sababu boti hupita pale.

10. Baada ya kutoka, usipande mahali pa juu. Kunywa maji, pumzika, usifanye kazi nzito. Ukipiga mbizi moja, subiri saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukipiga kadhaa, saa 18. Wageni wengi husahau jambo moja hapa: kuondoka Aqaba kwa gari ni kupanda milima. Barabara ya kwenda Amman inapita Ras an-Naqab, juu sana, na Petra na Wadi Rum nazo ziko juu ya bahari kwa mamia ya mita. Kwa naitrojeni, gesi ya hewa iliyoingia mwilini mwako ukiwa chini, kupanda mlima na kupanda ndege ni mamoja. Panga matembezi ya jangwani kabla ya mbizi, au acha siku nzima katikati. Kanuni hii inakuhusu nyumbani pia: usitoke Diani asubuhi ukalala Nairobi, wala Zanzibar ukaunganisha na kupanda Kilimanjaro.

Ndege za vita ni habari nyingine

Za Aqaba zilizamishwa zikiwa hazina mtu ndani. Ukishazipenda utataka kwenda kwenye zile zilizoanguka vitani: ile B-17, ndege ya mabomu ya Marekani, mbele ya ngome ya Calvi, kisiwani Corsica, iliyotua majini Februari 1944 na sasa iko mita 27 hivi, au ndege za Kijapani katika maji yaliyozungukwa na matumbawe ya Chuuk, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ambako mashambulizi ya mwezi huohuo yalizamisha meli na ndege nyingi. Katika ndege za namna hiyo watu walikufa, na nyingine bado ni makaburi. Usichukue hata bisibisi. Usikalie bawa kupiga picha. Nchi nyingi zina sheria kali juu ya hili, lakini hata pasipo na sheria, jamaa za marehemu wapo.

Ukipata tatizo

*Sikio halizibuki.* Panda mita moja, jaribu tena kwa upole. Likikataa mara tatu, mbizi imekwisha kwako. Usipulize kwa nguvu.

*Unajisikia furaha isiyo na sababu, au huelewi geji inasema nini.* Huo ni ulevi wa naitrojeni, na huweza kuanza karibu na mita 30, mapema zaidi ukiwa na baridi au uchovu. Panda mita tano. Huisha haraka.

*Umenaswa.* Simama kabisa. Usizunguke, maana waya utajiviringisha. Rudi nyuma polepole kwa njia uliyojia. Ikishindikana, mpe mwenzako ishara ya tochi aje aone kilichokushika. Kikata kamba kitumike mwisho, na kwa macho, usije ukakata bomba la hewa.

*Humwoni mwenzako.* Tazama pande zote, juu na chini, kwa dakika moja. Kisha panda taratibu mkutane juu. Usimfuate ndani ya ndege kwa kubahatisha.

*Mkondo umeanza.* Jifiche upande wa pili wa bodi ya ndege, tulia, mfuate kiongozi. Usipambane nao ukiwa mita 28, hewa itakwisha.

*Tochi imezimika.* Nje ya ndege, endelea. Kama uko ndani kwa mafunzo na kamba, washa ya pili na utoke.

*Bati limekukata.* Osha kwa maji safi na sabuni, funga, na uulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda kama ya mwisho ni ya zamani.

*Umechomwa na mwiba wa samaki.* Toka majini. Loweka sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenye ngozi isiyoumia ayapime kwanza, kwa kuwa aliyechomwa anaweza kujiunguza bila kujua. Kisha hospitali.

*Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu wa ajabu baada ya kutoka.* Mwambie kiongozi papo hapo, hata kama mbizi ilikwenda vizuri na kompyuta haikulalamika. Lala, vuta oksijeni safi, mpigieni daktari wa mbizi aseme kama unahitaji chemba. Usirudi majini kujaribu kuyaondoa maumivu, na usisubiri kesho kuona kama yatapungua.